Benzi kwa Bei ya Gari Dogo

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma maneno haya gazetini baada ya kuyakosa hewani, wiki hii nataka tuzungumze juu ya gari moja linalowatia watu wengi tamaa. Ukipita kwenye yadi za magari ya mkononi Dar es Salaam, au ukiyatazama magari yanayoegeshwa kando ya barabara za Nairobi na namba ya simu imebandikwa kwenye kioo, hutalikosa. Ni Mercedes-Benz ya aina ya E, ile yenye taa nne za mviringo mbele, ambayo kiwandani inajulikana kwa jina la W211. Ilianza kuuzwa mwaka 2002, ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2006, na ikaachwa mwaka 2009 ilipoingia aina mpya. Ilipokuwa mpya lilikuwa gari la wakubwa. Leo linauzwa kwa bei inayolingana na gari dogo la Kijapani, tena wakati mwingine chini ya hapo.

Barua zinazonijia juu ya gari hili ni nyingi, lakini moja ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Inatoka kwa mwalimu mstaafu wa Morogoro. Alipopata kiinua mgongo chake alinunua E500 ya mwaka 2004, nyeusi, viti vya ngozi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Miezi minne baadaye gari limepandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, na mwalimu ananiuliza kama kuna mtu aliyemwonea kijicho. La hasha, Mwalimu. Hukuonewa kijicho. Uliuziwa deni la mtu mwingine.

Nieleze. Bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki nayo. Springi ya gari lililokuwa la kifahari mwaka 2004 inaendelea kuuzwa kama kipuri cha gari la kifahari, hata kama gari lenyewe sasa lina bei ya bajaji mbili tatu. Mwenye gari anapoambiwa gharama ya matengenezo, akaona inakaribia nusu ya thamani ya gari zima, hupiga hesabu ya haraka. Halitengenezi. Analiosha, analipaka nta, analipeleka yadi. Wewe unayekuja na fedha taslimu mfukoni ndiye unayekwenda kulipa ile hesabu aliyoikimbia mwenzako.

Sasa msidhani nasema gari hili ni bovu. Nisieleweke vibaya. Ni gari zuri, limetulia barabarani, na baadhi ya injini zake hudumu kuliko mwili wake. Jambo la kutia moyo ni kwamba hitilafu zake kubwa ni chache, zinajulikana dunia nzima, na karibu kila moja hutoa taarifa kabla haijaangusha gari. Anayezijua taarifa hizo anaweza kununua kwa amani. Asiyezijua ananunua rangi na harufu ya ngozi.

Kwanza umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo hata W211 ya mwisho kabisa ilifungiwa mlango Mombasa tangu mwaka 2017. Yoyote unayoiona Nairobi leo imeshakula miaka kadhaa ya matuta yetu, na imeshapita mikononi mwa mafundi wengi, wa kweli na wa kubahatisha. Tanzania mlango haujafungwa, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na ushuru huo uuingize kwenye hesabu mapema. Zile zinazotoka Japani mara nyingi zina mwili safi. Ila redio nyingi za magari ya Japani zinaishia 90 kwenye FM, kwa hiyo mwenye gari hilo pengine hanisikii hata sasa, na ndiyo sababu nashukuru gazeti lipo.

Pili, maandishi ya nyuma yanadanganya. E500 iliyotengenezwa kabla ya marekebisho ya 2006 ina injini ya silinda nane ya lita 5.0, nguvu za farasi 306. E500 ya baada ya hapo ina injini nyingine kabisa ya lita 5.5, nguvu za farasi 388. Bango ni lile lile, lakini magonjwa ni tofauti. Hali kadhalika E320 ya petroli ya mwanzo na E350 iliyokuja baadaye si ndugu wa tumbo moja. Usikubali dalali akwambie "injini zote za Benzi ni zile zile, bosi wangu".

Tuanze na breki, maana hapo ndipo penye roho za watu.

Katika gari la kawaida ukikanyaga breki, mguu wako ndio unaosukuma mafuta ya breki mpaka kwenye magurudumu, ukisaidiwa na busta. Katika W211 za kabla ya marekebisho ya 2006 sivyo ilivyo. Kanyagio la breki katika gari lile ni kama swichi. Kompyuta inapima umekanyaga kwa kasi gani na kwa nguvu gani, kisha inaamuru vali zipeleke kila gurudumu kiasi chake cha shinikizo. Shinikizo lenyewe linatengenezwa na pampu ya umeme na kuwekwa akiba katika chupa ndogo yenye gesi, likiwa limekazwa zaidi ya mara mia moja ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Mfumo huu unaitwa Sensotronic Brake Control, kwa kifupi SBC, na ulitengenezwa pamoja na kampuni ya Bosch. Kwa ufundi ulikuwa wa ajabu. Mvua ikinyesha na waipa zikifanya kazi, breki zenyewe zilikuwa zikigusa diski mara kwa mara ili zizikaushe, bila dereva kujua.

Lakini mwezi Mei 2004 kiwanda kiliyaita magari yapatayo 680,000 yarudi kukaguliwa kwa sababu ya mfumo huo. Mwezi Machi 2005 kikayaita mengine milioni 1.3 kwa matatizo ya umeme, na breki hizo zikiwa miongoni mwa sababu. Marekebisho ya 2006 yalipokuja, SBC ikaondolewa na E-Class ikarudi kwenye breki za mafuta kama tunazozijua. Kiwanda kinapokiondoa chombo chake chenyewe baada ya miaka minne tu, mnunuzi ana haki ya kujiuliza maswali.

Pampu ya SBC ina tabia moja ambayo wauzaji wetu hawaisemi: inahesabu. Kila ukikanyaga breki inaandika moja. Imewekewa kikomo, na hesabu ikifika huko, baada ya mamia ya maelfu ya mikanyago, dashibodi inaandika kwamba breki zinahitaji gereji. Huo si ubovu wa taa. Ni pampu inasema umri wake umetimia. Na mfumo ukizimika kabisa, gari linabaki na breki ya dharura: mguu wako unasukuma mafuta moja kwa moja, lakini kwa magurudumu ya mbele peke yake. Kanyagio linazama, na inabidi ukanyage kwa nguvu zako zote. Kwenye foleni ya Ubungo unaweza kuponea chupuchupu. Mteremko wa Kitonga, ukiwa na mama watoto na mizigo ndani, ni habari nyingine.

Hapa ndipo alipoumizwa mwalimu wetu. Onyo jekundu lilikuwa limewaka kabla hajanunua. Gereji moja ikachomeka mashine, ikairudisha hesabu kwenye sifuri, taa ikazimika, gari likapelekwa yadi. Wiki chache baada ya kununua, kanyagio lilizama akiwa anaingia mjini. Anasema alinusurika kwa sababu alikuwa anakwenda polepole na barabara ilikuwa tambarare. Nawaomba mafundi wanaofanya kazi hii wanisikilize vizuri: kufuta hesabu si kutengeneza. Kaboni za mota ya pampu zilizokwisha haziongezeki kwa sababu umeandika sifuri. Gesi iliyovuja ndani ya ile chupa hairudi. Mnachofanya ni kumnyamazisha shahidi.

Huko Marekani kampuni ilikuja kuirefushia pampu hii dhamana hadi miaka 25. Dhamana hiyo haivuki bahari kutufikia sisi. Kwa hiyo ukikuta pampu imefika mwisho, ni juu yako kununua mpya au iliyofanyiwa ukarabati wa kweli na wenye vifaa. Ukiuziwa pampu iliyong'olewa kwenye gari la ajali, kumbuka nayo ina hesabu yake ndani. Idai isomwe kwa mashine mbele yako kabla hujafungua pochi.

Utajuaje gari lina mfumo huu? Mwaka wa kutengenezwa utakuelekeza, lakini masikio yako ni mazuri zaidi. Gari likiwa limelala kimya, fungua mlango wa dereva bila kuwasha chochote. Ukisikia upande wa injini kitu kinazizima kwa sekunde chache halafu kinanyamaza, hiyo ni pampu ya SBC imeamka na kujipima.

Na kwa sababu inaamka yenyewe, naongeza neno kwa ajili ya usalama wa mikono. Fundi anayebadili pedi za breki za gari hili lazima kwanza aulaze mfumo kwa mashine au kwa utaratibu wa kiwanda. Asipofanya hivyo, mtu akafungua mlango kutafuta simu yake, pampu inaamka na pistoni za breki zinatoka kwa shinikizo lile niliyolieleza. Vidole vikiwa katikati vitapondwa. Fundi akikwambia "pedi ni pedi tu", chukua ufunguo wako uondoke.

Tutoke kwenye breki twende kwenye miguu. E500 nyingi, na baadhi ya ndugu zake, hazina springi za chuma. Zinakalia hewa, mfumo unaoitwa Airmatic. Kompresa inajaza hewa kwenye springi za mpira, na kompyuta inapandisha au kushusha gari kulingana na mzigo na mwendo. Likiwa zima, utadhani barabara ya Kigogo imewekwa lami jana. Mpira ukizeeka unapasuka nyufa nyembamba, hewa inavuja usiku, na asubuhi unakuta gari limelala upande mmoja kama ng'ombe aliyechoka.

Wengi wanaliona gari limelala, wanaliwasha, linainuka, wanasema halina neno. Hapo ndipo hasara inapozaliwa. Kila linapoinuka, kompresa imefanya kazi ambayo haikupangiwa. Ilitakiwa kujaza kidogo na kupumzika, sasa inasukuma mchana kutwa ili kushindana na tundu. Mwisho inaungua. Halafu kuna rilei yake, kitu kidogo cha bei ndogo, ambayo meno yake ya ndani hugandana na kuiacha kompresa ikizunguka bila kukoma. Nimeona watu wakibadili kompresa, ya pili nayo ikaungua, kwa sababu hakuna aliyegusa rilei wala kutafuta tundu. Kulitafuta hakuhitaji mashine: maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, nyunyiza kwenye springi na maungio ya mipira, pale panapotoa mapovu ndipo penye ugonjwa.

Mnunuzi afanye hivi. Amwombe mwenye gari aliegeshe jioni mahali tambarare, apime kwa vidole nafasi kati ya tairi na ukingo wa bodi kwa kila gurudumu, arudi asubuhi apime tena kabla gari halijawashwa. Muuzaji akikataa, jibu umelipata bila kupima. Kuna wanaouliza kama inafaa kung'oa hewa na kuweka springi za chuma. Inawezekana, na vifaa vyake vinauzwa. Maoni yangu ni kwamba si dhambi kama huna uwezo wa kuilisha hewa, lakini ibadilishwe miguu yote minne na kompyuta iarifiwe. Nimeona gari lenye hewa mbele na chuma nyuma, linatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Sasa injini. Hapa kuna kichekesho ambacho si kichekesho kwa aliyelipa. Mwaka ule ule kiwanda kilipoirudisha breki ya kuaminika, kilikuwa kimeshaanza kuweka injini yenye jino bovu.

Injini za mwanzo, ile ya silinda sita ya E240 na E320 za petroli na ile ya silinda nane ya E500 ya lita 5.0, ni imara sana. Kila silinda ina plagi mbili, kwa hiyo E500 ina plagi 16. Fundi akikuletea nane na kusema kazi imekwisha, mwulize nyingine nane ziko wapi. Magonjwa yake ni ya uzee: oili inavuja kwenye mifuniko ya juu, puli ya mbele ya krenki ina mpira katikati na mpira huo huachana na chuma, ukaiona inazunguka kwa kuyumba. Puli hiyo ibadilishwe mapema. Ikiachwa mpaka ikatike inaweza kula sehemu ya mbele ya injini.

Ugonjwa unaowatesa watu bure ni sensa ya krenki. Gari linatembea vizuri, likipata moto kwenye foleni linazimika ghafla, haliwaki. Ukilivuta pembeni, likapoa nusu saa, linawaka kama halikufanya kitu. Fundi wa kubahatisha atabadili pampu ya mafuta, halafu plagi, halafu koili, na kila mara atasema "sasa limepona" kwa sababu amelijaribu likiwa la baridi. Sensa yenyewe ni kifaa cha ukubwa wa kidole gumba, bei yake haifiki robo ya pampu ile. Ikipata joto inapoteza mawasiliano, injini haijui krenki iko wapi, inajizima.

Injini zilizofuata ndizo zenye lile jino. E350 na E280 za kuanzia mwaka 2005 zina injini ya silinda sita inayoitwa M272. Injini ya silinda sita iliyofungwa kwa pembe ya digrii 90 hutikisika kwa asili yake, kwa hiyo ndani huwekwa shafti inayozunguka kinyume ili kuzima mtikisiko. Shafti hiyo ina gia mbele, na cheni ya taimingi inapita juu ya gia hiyo. Katika injini za mwanzo gia ilitengenezwa kwa chuma laini mno. Cheni inayala meno yake taratibu, cheni inalegea, na taimingi ya injini inachelewa. Dalili ni taa ya injini kuwaka na mashine kusoma kwamba kamshafti na krenki hazilingani. Injini ya silinda nane ya lita 5.5, iitwayo M273, haina shafti hiyo, lakini ina gia ya kupokezana cheni yenye ugonjwa ule ule.

Gia yenyewe haina bei ya kutisha. Kinachotisha ni kwamba ili kuifikia inabidi injini ishushwe na kufunguliwa. Ndiyo maana gari lenye ugonjwa huu huuzwa haraka, na taa ya injini hufutwa asubuhi ya siku unayokuja kuliona.

Chukueni kalamu, nitalisema mara moja. Kila injini ina namba yake. Kwa M272, mwisho wa namba ukiwa 468993 au chini ya hapo, injini hiyo imo katika kundi lenye gia laini. Kwa M273, kikomo ni 088611. Zilizo juu ya namba hizo zilifungwa gia ngumu. Si kila injini ya kundi la kwanza imeshakufa, na nyingine zimekwisha kutengenezwa, lakini muuzaji wa injini ya kundi hilo akuonyeshe karatasi ya matengenezo, ama apunguze bei kwa gharama ya kushusha injini. Na kama kadi ya gari ina namba moja na injini ina nyingine, hilo si suala la fundi tena.

Injini hizo hizo zina sumaku mbele zinazoendesha kamshafti. Sili zake zikichoka, oili inaingia kwenye plagi ya waya na kupanda ndani ya waya kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, mpaka kwenye kompyuta ya injini. Chomoa plagi moja uitazame. Ikiwa kavu, vizuri. Ikiwa imelowa oili, bei ishuke.

Giaboksi nayo ina utambi wake. Ile ya gia tano ina plagi ya waya ubavuni yenye sili ndogo za mpira. Zikikauka, oili ya giaboksi inapanda kwenye waya kuelekea kompyuta yake. Gari linaanza kukwama kwenye gia moja, unazima, unawasha, linapona, kesho linarudia. Watu wameshusha giaboksi nzima kwa ugonjwa wa plagi ambayo hubadilishwa bila kushusha kitu. Baadhi ya E-Class za miaka ya mwanzo zilikuwa pia na rejeta iliyoharibika kwa ndani, maji ya rejeta yakachanganyika na oili ya giaboksi. Dalili yake ni mtetemo mdogo gari likiwa mwendo wa wastani na mguu umegusa mafuta kidogo tu, kama vile umepita juu ya matuta madogo ya rasta. Ukiuona mtetemo huo, usinunue kabla oili haijapimwa. Dawa ya kulotesha maji ndani ya giaboksi ni ghali.

Mtasikia pia kwamba oili ya giaboksi hii ni ya maisha, haibadilishwi. Ni kweli kiwanda kilisema hivyo zamani, kisha chenyewe kikabadilisha kauli. Ukifungua boneti utakuta mrija wa kupimia oili upo lakini kijiti hakimo, maana kijiti ni cha gereji. Mafundi wengi wakikosa kijiti wanakadiria kwa macho. Giaboksi haikadiriwi kwa macho.

Umeme niupitie haraka. Betri kubwa imo ndani ya buti, na zile za kabla ya 2006 zina nyingine ndogo mbele kwa ajili ya dharura. Betri ikiwa dhaifu, gari hili huanza kutaja magonjwa ambayo halina: breki, hewa, giaboksi, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kuamini lolote linaloandikwa kwenye dashibodi, pima betri zote mbili na alterneta. Betri ya ndani ya buti lazima iwe na mpira wa kutolea hewa yake nje. Wengi wakibadili betri huuacha ukining'inia. Inua pia zulia la buti. Ukikuta maji au kutu, mifereji ya dirisha la paa au sili za taa zimeshindwa, na vifaa vya umeme vilivyofungwa pembeni mwa buti vimeshaogeshwa. Kwa mwenye gari la pwani, kama Tanga au Mombasa, chumvi humaliza kazi iliyobaki.

Sasa wengine mtaniuliza, baada ya yote hayo, ungekuwa wewe ungenunua ipi? Tatizo ni lile nililolisema: za mwanzo zina injini nzuri na breki ya mashaka, zinazofuata zina breki nzuri na injini ya mashaka. Katikati hapo hakuna salama. Mimi ningetafuta E350 ya mwaka 2008 au 2009, yenye namba ya injini juu ya kile kikomo, isiyo na springi za hewa. Ya pili kwangu ni E320 ya petroli ya zamani, kwa sharti moja, kwamba pampu ya breki ina karatasi ya kununuliwa mpya. E500 ningeiacha kwa mwenye gereji yake mwenyewe. Na ile ya E55 yenye injini ya AMG ya farasi 476, kijana mmoja wa Mikocheni ameniandikia mara tatu juu yake. Jibu langu, kijana, ni kwamba bei ya matairi yake peke yake ingekutosha kununua pikipiki.

Kwa mwalimu nimeshaandika barua yenye majina ya vipuri na mpangilio wa kuvinunua. Breki kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, na gari lisitoke juu ya mawe mpaka pampu isomwe. Hewa ifuate. Rangi inaweza kusubiri. Kama una fedha za kununulia gari hili, tenga kando nusu nyingine ya bei hiyo kwa mwaka wa kwanza. Usipoitumia, utakuwa umepata nauli ya kwenda kuhiji. Na ukienda kuliona, nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na mashine yako mwenyewe ya kupimia, si ya muuzaji.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, matairi ya mitumba, na jinsi ya kusoma tarehe iliyoandikwa ubavuni mwake.